Mwogeleaji Ana Deni Gani kwa Wanaomtazama?

Imekuwa desturi katika vyumba vya walimu, kila yanapozuka mazungumzo juu ya vijana na mtandao, mtu mmoja kusema kwamba wanamichezo wa siku hizi wameiacha michezo wakashika biashara ya kuuza sura. Mwanafunzi naye, aketipo na wenzake wakati wa mapumziko, husema kinyume chake: kwamba mwenye wafuasi wengi ndiye bora, na kwamba anayekataa kuonekana bila shaka ana jambo analolificha. Kauli hizi mbili hudhaniwa kuwa ni maji na mafuta. Kwa maoni yangu ni ndugu wa baba mmoja. Zote mbili zinachukulia kuwa mwanamichezo ni mali ya anayemtazama, na kwamba mtazamaji ndiye mwenye kuamua ni kiasi gani cha nafsi ya mwenzake kinachopaswa kuanikwa hadharani.

Nitalijadili jambo hili kwa kuwatazama waogeleaji wa Hungaria. Msomaji asistaajabu kwamba nimeruka mbali kiasi hicho. Hungaria haina pwani, na wakazi wake hawafikii milioni 10. Lakini katika nchi hiyo mwogeleaji hupewa taadhima ambayo sisi humpa mkimbiaji wa masafa marefu. Atakaye kuona jinsi umaarufu wa mwogeleaji unavyozaliwa, unavyolishwa na unavyomuuma mwenyewe, hatapata darasa bora kuliko hilo.

Taadhima hiyo ina mizizi mirefu. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896 mjini Athens, kijana wa Budapest aitwaye Alfréd Hajós, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alishinda mbio za mita 100 na za mita 1200. Wakati huo hapakuwa na kidimbwi kilichojengewa mashindano. Waliogelea baharini, karibu na Piraeus, katika maji baridi mno, na Hajós alijipaka mafuta mazito mwilini ili asigande. Kilichompeleka majini tangu mwanzo kilikuwa msiba: baba yake alizama katika mto Danube alipokuwa yeye ana umri wa miaka 13. Baadaye akawa msanifu wa majengo, na vidimbwi alivyovisanifu katika kisiwa cha Margit mjini Budapest vingali vikitumiwa na vina jina lake. Karibu karne moja baada ya ushindi wake akatokea Krisztina Egerszegi, aliyetwaa dhahabu ya kuogelea chali mita 200 huko Seoul mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 14, akairudia Barcelona 1992 na Atlanta 1996, hata akastaafu akiwa na dhahabu tano za Olimpiki za mbio za mtu mmoja mmoja.

Wawili hao walipendwa na taifa zima. Hata hivyo waliowapenda waliwasoma magazetini, au waliwasikia redioni, au waliwaona katika televisheni siku ya mashindano, kisha kila mmoja akarejea kwenye shughuli zake. Hapakuwa na mtu wa kuwafuata mpaka sebuleni.

Mwaka 1989, katika mji wa Pécs ulioko kusini mwa nchi hiyo, walizaliwa wasichana wawili, mmoja Aprili na mwingine Mei. Wa kwanza ni Zsuzsanna Jakabos na wa pili ni Katinka Hosszú. Wote wawili walikwenda Athens mwaka 2004 kuiwakilisha nchi yao wakiwa na umri wa miaka 15. Wote wawili wakaja kujulikana mno katika mtandao, lakini kwa njia mbili zilizotofautiana kama usiku na mchana.

Umaarufu wa Jakabos ulitokana na picha. Watu wa mabara yote, wengi wao wasioweza kutaja hata mtindo mmoja anaoutumia majini, walizisambaza picha zake na kumweka katika orodha za wanamichezo warembo. Sisemi kwamba ni dhambi kumwona mtu mzuri ukakiri kuwa ni mzuri; macho hayana pazia. Lakini hebu tuangalie ni kitu gani kilichoachwa nje ya picha hizo. Kuanzia Athens 2004 mpaka Rio 2016 Jakabos hakukosa Michezo ya Olimpiki hata mara moja. Hiyo ni miaka 12 ya kufuzu na kufuzu tena, katika mchezo ambamo msichana wa miaka 15 anaweza kutokea ghafula akamwondoa mkongwe. Aidha, mbio zake hazikuwa za lelemama: mita 200 za mtindo wa kipepeo, unaoyachosha mabega kuliko mitindo yote, na mita 400 za mseto, ambazo humlazimu mwogeleaji aanze na kipepeo, afuatishe chali, kisha kifua, na amalizie kwa mtindo huria. Hakuna picha inayoweza kuonyesha mita 400 za mseto. Picha huchukuliwa mwogeleaji akiwa amesimama nje ya maji, nywele zimekauka, yaani katika saa ile ambayo hafanyi kazi yake.

Hapa ndipo ninapokubaliana na walimu wenzangu. Umaarufu wa namna hii humfanya mtu ajulikane kwa jambo ambalo hakulitolea jasho, na lile alilolitolea jasho likasahaulika. Ila kosa si la Jakabos. Ni letu sisi tuliotazama.

Habari ya Katinka Hosszú ni pana zaidi, nami nitaikalia kitako. Alikulia katika mji mdogo wa Baja kando ya Danube, akafundishwa kuogelea na babu yake, László Bakos, aliyekuwa kocha. Baadaye alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Southern California. Mwaka 2009 mjini Rome akawa bingwa wa dunia wa mita 400 za mseto. Kisha ikaja Olimpiki ya London 2012, aliyoiendea kwa matumaini makubwa, akamaliza wa nne katika mbio hizo hizo na kurudi bila nishani hata moja. Alivunjika moyo hata akafikiria kuacha kuogelea. Badala yake alibadilisha kocha. Aliyechukua nafasi hiyo alikuwa Shane Tusup, Mmarekani waliyejuana chuoni, na mwaka 2013 wakafunga ndoa.

Kilichofuata ndicho kiini cha hoja yangu. Yapo mashindano ya Kombe la Dunia la uogeleaji, yanayohama kutoka mji mmoja hadi mwingine, na wakati huo yalitoa zawadi ya fedha kwa washindi wa kila mbio. Waogeleaji mashuhuri wengi walikuwa wakiyapuuza, wakijihifadhi kwa ajili ya Olimpiki. Hosszú aliyaendea yote. Wala hakuchagua mbio moja au mbili: jioni moja aliweza kuonekana majini mara nne au tano, akitoka kidimbwini akihema, anavuta pumzi, anarudi kusimama kwenye kijukwaa cha kuanzia. Alikuwa mshindi wa jumla wa Kombe hilo kila mwaka kuanzia 2012 hadi 2016. Akawa mwogeleaji wa kwanza duniani kupitisha dola milioni moja za Marekani katika zawadi za mashindano. Kutokana na ustahimilivu huo akapewa jina la Mwanamke wa Chuma, naye hakuliacha jina lipotee hewani. Aliligeuza kuwa alama ya biashara, likachapishwa kwenye kofia na mavazi, likaanzishiwa klabu ya kuogelea mjini Budapest, na picha zake zikatembea kila siku katika mitandao kuwafikia mashabiki waliokuwa tayari kununua.

Wapo waliomlaumu kwa hayo. Walisema ameufanya uogeleaji kuwa duka. Mimi nauliza: alitakiwa aishi kwa kula nini? Mkimbiaji hodari ana mbio za barabarani karibu kila wiki ya mwaka, na waandaaji hushindana kumwalika kwa fedha. Mwogeleaji hujulikana kwa siku nane kila baada ya miaka minne, kisha dunia humsahau. Gharama za kocha, za safari na za chakula hazisahau. Mwanamichezo asipolitunza jina lake mwenyewe atatunziwa na wengine, na watakaokula ni hao wengine. Januari 2016 Hosszú aliuchana mkataba wa shirikisho la uogeleaji la nchi yake mbele ya wanahabari, akisema kwamba viongozi hawawatendei waogeleaji kama watu wa kusikilizwa. Tendo hilo lilikuwa la kishindo, na huenda wengine wakaliona ni utovu wa adabu kwa wakubwa. Lakini mwanamichezo asiyejulikana angeuchana mkataba wake chumbani peke yake, na asubuhi yake angekuwa ameondolewa kikosini. Umaarufu alioujenga Hosszú katika mtandao ndio uliokuwa ngao yake siku ile.

Basi mtu asidhani kwamba ngao hiyo haina uzito wa kubeba. Agosti 2016 mjini Rio de Janeiro, Hosszú aliogelea mita 400 za mseto kwa dakika 4 na sekunde 26.36. Rekodi ya dunia aliyoivunja, ya Ye Shiwen wa Uchina, ilikuwa dakika 4 na sekunde 28.43. Sekunde mbili na ushei! Katika mchezo ambao watu hupitana kwa ncha za vidole, huo ni umbali wa kutisha. Naye mtangazaji wa televisheni ya NBC ya Marekani, Dan Hicks, kamera ilipomwonyesha Tusup akishangilia jukwaani, aliwaambia watazamaji kwamba huyo ndiye mtu aliyemfanya Hosszú kuwa mwogeleaji wa aina nyingine kabisa. Maneno hayo yalizua ghadhabu kubwa katika mtandao. Watu waliuliza kwa nini sifa imwendee mwanamume aliye mkavu jukwaani ilhali aliyelowa maji yumo kidimbwini. Nikiri kwamba siku hiyo umati wa mtandaoni ulikuwa na macho kuliko wanahabari wa kulipwa.

Na historia imethibitisha. Tumekwisha kusema kuwa Hosszú alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2009, kabla Tusup hajawa kocha wake. Mwaka 2018 ndoa yao ilivunjika, wakaachana pia kama kocha na mwanafunzi. Mwaka 2019 huko Gwangju, Korea Kusini, akiwa na kocha mwingine, Hosszú alishinda tena mita 200 na mita 400 za mseto. Dhahabu ya mita 400 ilikuwa yake ya tano katika mbio hizo kwenye ubingwa wa dunia: 2009, 2013, 2015, 2017 na 2019. Haiondoi thamani ya kazi aliyoifanya Tusup katika miaka ya katikati, maana kocha mzuri ni kocha mzuri. Inaonyesha tu mwenye mkono alikuwa nani.

Lakini ndoa hiyo ilipovunjika, watu walizifuatilia habari zake kana kwamba ni tamthilia waliyoinunulia tiketi. Hoja yao ilikuwa rahisi: si yeye mwenyewe aliyemwonyesha mumewe kwa ulimwengu? Si walikuwa pamoja katika kila picha? Sasa anaficha nini? Hoja hii naisikia pia kwa wanafunzi wetu, na ni hoja mbovu. Mwenye duka anayefungua mlango wa mbele hajawapa wateja ruhusa ya kuingia chumbani kwake. Hosszú aliuza kofia na fulana zenye jina lake. Mnunuzi alipata kofia na fulana. Deni limekwisha.

Umaarufu ulimletea na shuku. Mwaka 2015 jarida moja la uogeleaji la Marekani lilichapisha makala ya mwandishi aliyedokeza kwamba mwanadamu hawezi kuogelea mbio nyingi namna ile bila msaada wa dawa haramu. Hosszú hajapata kukutwa na hatia yoyote ya matumizi ya dawa. Alikwenda mahakamani, na mahakama ikaitupa kesi yake kwa kuwa maneno yale yalihesabiwa kuwa maoni ya mwandishi juu ya mtu mashuhuri. Hivyo ndivyo ilivyo sheria ya Marekani: kadiri unavyojulikana ndivyo kinga yako dhidi ya maneno inavyopungua. Sitaki kuibishia sheria yao, maana uhuru wa kuandika ni mali yangu pia. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi anayetamani kujulikana na watu milioni moja anapaswa kuambiwa ukweli huu pamoja na habari za dola.

Sasa tumtazame aliyefuata njia nyingine. Kristóf Milák alizaliwa Budapest mwaka 2000. Mwaka 2019, huko huko Gwangju, aliivunja rekodi ya Michael Phelps ya mita 200 za kipepeo iliyokuwa imedumu tangu 2009, akaogelea kwa dakika 1 na sekunde 50.73. Katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021 alitwaa dhahabu ya mbio hizo kwa kumwacha mshindi wa pili kwa zaidi ya sekunde mbili. Baadaye alisikitika kwamba vazi lake lilichanika dakika chache kabla ya kuingia majini, akapoteza utulivu, na rekodi aliyoikusudia ikamponyoka. Mwaka 2022 akiwa nyumbani Budapest, umati wa Wahungaria ukitetemesha ukumbi, aliishusha rekodi yake mpaka dakika 1 na sekunde 50.34.

Kijana huyu hapendi kamera. Mahojiano huyakwepa, na nje ya mashindano haonekani sana. Mwaka 2023 alijiondoa katika ubingwa wa dunia wa Fukuoka, akieleza kwamba hakuwa tayari kimwili na kiakili. Kwa nchi iliyomzoea Hosszú kila siku, ukimya huo ulikuwa kama tusi. Watu waliuliza yuko wapi, anafanya mazoezi au hafanyi, anajiona nani. Kutoonekana kwake kukawa ndiko kuonekana kwake. Mwaka 2024 alikwenda Paris, akashinda dhahabu ya mita 100 za kipepeo kwa sekunde 49.90 na kupata fedha katika mita 200 nyuma ya Léon Marchand wa Ufaransa. Kisha akarudi katika ukimya wake.

Ipo hoja moja ya wanaomlaumu Milák ambayo siwezi kuipita hivi hivi. Wao husema: sisi ndio tunaolipa. Na ni kweli wanalipa. Serikali ya Hungaria ilijenga ukumbi wa kifahari wa uogeleaji kando ya Danube kwa ajili ya ubingwa wa dunia wa mwaka 2017. Tena nchi hiyo ina utaratibu wa kumlipa posho ya kila mwezi, maisha yake yote, kila aliyepata nishani ya Olimpiki, mara atimizapo umri uliowekwa na sheria. Kama mlipa kodi anamlisha mwogeleaji, je, hana haki ya kumwona? Nimeifikiria sana hoja hii, na jibu langu limo katika utaratibu wenyewe. Posho hulipwa kwa nishani. Hakuna sheria iliyosema itolewe kwa tabasamu, wala kwa idadi ya mahojiano, wala kwa picha za kiamshakinywa. Wahungaria waliweka masharti ya biashara yao na Milák aliyatimiza ndani ya maji, mbele ya saa ambayo haipendelei mtu.

Vivyo hivyo kwa Hosszú aliyechagua kuonekana. Mmoja alifungua duka na mwingine hakufungua. Mwalimu anayemsifu Milák kwa unyenyekevu na kumbeza Hosszú kwa majivuno anamwonea mwanamke huyo, maana hakuna sekunde hata moja aliyoinunua kwa picha. Na mwanafunzi anayempenda Hosszú kwa kuwa yuko wazi na kumshuku Milák kwa kuwa yuko kimya, naye anamwonea kijana huyo.

Ningependa walimu wa insha wajaribu jambo moja. Wanafunzi wakipewa kazi ya kuandika juu ya mwanamichezo wanayemhusudu, waambiwe wasiandike mapambo yake wala idadi ya wanaomfuata, bali waeleze kazi yake kwa namna ambayo asiyejua mchezo huo ataielewa: anashindana umbali gani, kwa muda gani, alishindwa lini, nani alimshinda, na alifanya nini mwaka uliofuata. Nadhani wengi watagundua kuwa mtu waliyedhani wanamjua hawamjui. Wapo watakaokasirika. Wengine watakwenda kutafuta, na hao ndio ninaowaandikia.

Kwa faida ya watakaotafuta, haya ndiyo yaliyobaki. Hosszú alitangaza kustaafu Januari 2025. Rekodi yake ya Rio ilidumu mpaka Aprili 2023, pale Summer McIntosh wa Kanada, msichana wa miaka 16, alipoogelea kwa dakika 4 na sekunde 25.87. Rekodi yake ya mita 200 za mseto, dakika 2 na sekunde 6.12, aliiweka huko Kazan, Urusi, Agosti 2015, nayo ilikaa miaka karibu 10. McIntosh huyo huyo aliivunja Juni 2025, kwa dakika 2 na sekunde 5.70.